Bonde Lililofunzwa Kunyamaza

Baba alifariki katika miaka ile ambayo hata kutwanga njugu kulihitaji kibali.

Mchana wa siku yake ya mwisho alituita chumbani: mimi, dada yangu Mmbone, na shangazi yetu Khavere, ambaye sote tulimwita Senje, kama kwetu anavyoitwa dada wa baba. Tuliacha viatu mlangoni. Tukaingia mmoja mmoja, tukitanguliza vidole na kushusha kisigino polepole, kama bonde zima lilivyokuwa likitembea.

Baba alitutazama akacheka, kicheko kikageuka kikohozi.

"Mnaingia kama wezi," alisema. "Nyumba yangu imekuwa ya wezi."

Yeye alikuwa mchonga ngoma. Juu ya kitanda chake zilitundikwa isukuti tatu alizozichonga akiwa kijana, kubwa, ya kati na ndogo, ambazo kwetu huitwa baba, mama na mtoto. Ngozi zake zilikuwa za kenge. Tangu sheria ilipokuja hazikuwahi kupigwa, lakini kila Jumamosi alizishusha akazipaka mafuta ili zisipasuke. Ukimkuta katika kazi hiyo, hakusalimu mpaka amalize.

"Siku ya kunizika mtazishusha," alisema. "Zote tatu. Imbwaga atashika baba."

Imbwaga ni mimi.

"Nimewazika watu wa bonde hili kwa mikono hii mpaka vidole vikapinda," aliendelea. "Hakuna aliyeondoka kimya kabla ya sheria hii. Na mimi msinitupe."

"Ndiyo, Baba," nilisema.

"Nani akutupe, ndugu yangu?" alisema Senje.

 Mmbone alisimama upande wa miguuni akiwa na fulana yake ya kijani yenye nembo ya Mamlaka ya Mvua, akiishika miguu ya Baba juu ya blanketi. Baba alimtazama kwa muda mrefu.

"Na wewe, mwanangu?"

"Nimesikia, Baba."

Kusikia si kukubali. Mzee wetu alikuwa mgonjwa, hakuwa mjinga. Aligeuza uso akaelekea ukutani, na kabla jua halijatua alikuwa amekwenda.

*

Nilipokuwa mdogo, mvua ndiyo iliyoleta kumbikumbi. Mvua ya kwanza ikishanyesha, mchwa wenye mbawa walitoka vichuguuni kwa maelfu, nasi tukawala. Na kama mvua ilichelewa, tuliwadanganya. Mabibi walifunika kichuguu kwa majani ya mgomba, wakachimba kishimo pembeni, kisha wakakaa wakigonga ubao kwa vijiti, polepole halafu haraka, kama matone. Mchwa walio ndani walidhani kumekucha kwao. Walitoka wakaangukia kishimoni, na jioni tukala chiswa, ndivyo kwetu tunavyowaita, kwa ugali. Ulikuwa ujanja wa bibi zetu, na bibi za bibi zetu.

Kisha ikaja miaka ya jua. Udongo uliungua ukawa mgumu kama tofali. Hata wingu lilipopita lilipita tu, na mvua kidogo iliyoanguka iliteleza juu ya ardhi ikaenda zake. Mto Yala tulikuwa tukiuvuka bila kulowesha ndala. Mwaka mbaya kuliko yote Senje alimzika mjukuu wake, mtoto wa kunyonya, na mama yake, Jescah, alikuwa hai, ila maziwa yalikuwa yamekauka.

Mmbone alirudi kutoka chuo kikuu mwaka uliofuata, na kwenye gari lake kulikuwa na masanduku ya mchwa.

Hawakuwa mchwa wa kawaida. Walitengenezwa maabara wachimbe udongo ulioshindikana, waupasue, waingize maji na hewa ndani. Hiyo ilikuwa kazi yao ya kwanza. Kazi ya pili ndiyo iliyotushangaza. Mchwa hulima uyoga chini ya ardhi, na katika uyoga wa hawa kulikuwa na bakteria aliyenata kwenye mbawa zao. Kumbikumbi waliporuka kwa pamoja, hewa ya joto iliwapokonya bakteria hao ikawapandisha mawinguni. Huko kila mmoja aligeuka kiini cha punje ya barafu, punje ikavuta maji, na maji yakawa mazito yakaanguka.

Kwa hiyo mambo yalipinduka. Zamani mvua ilileta kumbikumbi, sasa kumbikumbi ndio walioleta mvua. Kichuguu cha kwanza kilipandwa kwenye shamba letu, kwa sababu Mmbone aliomba, na Baba hakuwahi kumnyima Mmbone kitu.

Sitasema uongo kwa sababu ya hasira. Kazi yao ilionekana. Yala ilijaa tena. Tulikula maharagwe mabichi. Binti yangu Kageha alizaliwa mwaka wa mvua, hajui njaa ni mnyama gani.

Lakini kulikuwa na sharti. Kumbikumbi walitakiwa kuruka siku ambayo upepo unatoka ziwani kuja milimani. Wakiruka siku nyingine, mvua yote itaanguka ziwani kwa samaki. Basi Mamlaka ikachomeka nyundo za chuma kwenye kila kichuguu, nyundo zinazogonga ardhi kama matone ya mvua. Ulikuwa ule ule ujanja wa bibi zetu, ila sasa ulikuwa na injini. Na kwa kuwa mchwa husikia kwa miguu, mitikisiko mingine yote ilibidi ikome ili wasije wakatoka kabla ya wakati.

Walianza na ngoma. Wakaja kwenye vinu. Wakaja kwenye mpira wa miguu, kisha kwaya ya vijana waliokuwa wakirukaruka kanisani. Tukauliza, je, kumbikumbi wakishatoka? Tukaambiwa hapo ndipo pabaya zaidi, kwa maana wale wachanga, kila dume na jike lake, wanajichimbia upya, na wakitikiswa wanayaacha mashimo wakafa. Mwaka mzima haukuwa na siku ya kelele. Miaka ya mwanzo watu waliiba, bila shaka. Bonde lililozoea chiswa huwezi kuliambia chiswa ni mali ya serikali. Waligonga ubao kwa siri, wakala, na mchwa wa Mamlaka walikuwa na mafuta kuliko wetu wa zamani. Kisha faini zikawa kali, na watoto wakaanza kufunzwa shuleni kwamba ukikanyaga kwa nguvu unaumiza udongo. Wizi ukaisha.

Mmbone alikuwa na kisa alichopenda kuwasimulia wanaolalamika. Alisema zamani za kale dunia haikuwa na hewa hii tunayoivuta. Vijidudu vya kijani majini ndivyo vilivyoitoa, kama uchafu wao, na uchafu huo ukaua karibu kila kilichokuwa hai. Waliobaki ni wale waliojifunza kuuvuta, na hao ndio wazee wetu. "Hakuna kiumbe anayeibadilisha dunia," alikuwa akisema, "halafu yeye mwenyewe akabaki vile vile." Baba alikuwa akimjibu, "Sawa mwanangu, lakini hao wa kijani mazishi yao yalikuwaje?" Wakacheka wote wawili. Siku hizo bado walikuwa wakicheka pamoja.

*

Kikao cha mazishi kilifanyika uani chini ya turubai. Senje alikaa kwenye kiti cha Baba. Hakuna aliyethubutu kumwambia akiache.

"Nasikia kuna mtu amesema hakuna ngoma," alianza. "Ni nani?"

"Ni sheria, Senje," alisema Mmbone.

"Sheria ina mama? Niletee huyo mama yake niongee naye."

Watu walicheka kwa sauti ya chini. Mmbone alisimama. Macho yake yalikuwa yamevimba, maana alikuwa amelia kuliko sisi sote, hilo namshuhudia.

"Kumbikumbi wameiva, Senje. Wako mlangoni. Na upepo wa wiki hii unaelekea ziwani. Mkipiga isukuti tatu, watu wote hawa wakaanza kucheza, vichuguu vya bonde zima vitatoka. Msimu wetu wote utaanguka majini. Tutapanda nini?"

"Basi tungoje nyundo zenu zipige kwanza, halafu tuzike."

"Siku haijulikani. Tunangoja upepo ugeuke. Na wakisharuka, wachanga wanajichimbia, huwezi kupiga. Unajua."

"Najua. Nakuuliza nikusikie ukisema." Senje aliegemea mbele. "Kwa hiyo ndugu yangu ni mdogo kuliko mchwa."

"Usiseme hivyo, Senje."

"Nimeuliza swali. Wewe umesoma. Jibu."

Mmbone alitazama nembo kwenye fulana yake. Nilidhani ameshindwa, na ninakiri nilifurahi. Kisha akasema neno ambalo nisingethubutu kulisema mimi.

"Mwaka ule wa jua, ulipomzika mtoto wa Jescah, tulipiga ngoma. Baba alipiga mpaka mikono ikatoka damu. Ulitaka ngoma, Senje, au ulitaka maziwa?"

 Senje alijifunga leso yake upya, akaifunga tena. Alipoinuka hakumtazama mtu.

"Fanyeni mnavyotaka," alisema. "Mimi nitalia kwa mdomo. Huo bado haujafungwa."

Baadaye nilimkuta Mmbone chumbani kwa Baba, amesimama chini ya zile ngoma. Godoro lilikuwa limeshaondolewa.

"Ukiamua kupiga sitaita askari," aliniambia bila kugeuka. "Wewe ni ndugu yangu. Ila ujue unachofanya."

"Na wewe unajua unachofanya?"

"Ninajua. Ninamnyima Baba ili wengine wale. Sitakuja kusema ilikuwa kitu kingine."

 Nilimtazama kichwani, nikaona amejipaka vumbi la maombolezo kama mwanamke yeyote wa kwetu, na bado amevaa ile fulana ya kijani. Nilimchukia na nikamwonea huruma, vyote kwa wakati mmoja. Nikafikiria sahani ya Kageha. Ngoma nikaziacha ukutani.

*

Tulimzika Baba kwa soksi.

Waombolezaji walivua viatu barabarani. Jeneza lilishushwa kwa kamba, inchi kwa inchi, na wanaume wanne ndani ya shimo walilipokea kwa mabega ili lisigonge. Udongo haukutupwa kwa koleo, kwa sababu bonge la udongo likianguka juu ya mbao hufanya mshindo. Uliteremshwa kwa sufuria na karai, mkono kwa mkono, ukamiminwa taratibu kama mtu anayepakua uji wa mgonjwa. Ilichukua mchana wote. Wanawake walilia, kwa kuwa sauti inayopita hewani mchwa hawaijali, lakini hakuna aliyejitupa chini. Jescah alipotaka kujitupa, wawili walimdaka katikati.

Kijana mmoja wa Mamlaka alikuwa pembeni na kifaa chake chenye sindano, akipima mtikisiko wa ardhi. Mwishoni alimwinulia Mmbone kidole gumba. Sindano haikuwa imeruka hata mara moja.

Nimehudhuria mazishi mengi. Nilipokuwa mvulana, isukuti zilipoanza, mabega ya watu yalishtuka kabla wao wenyewe hawajaamua. Hata mjane alicheza. Alicheza akilia, na mwisho wa siku alikuwa amechoka kiasi cha kuweza kulala. Sisi tulirudi nyumbani na nguvu zetu zote, na huzuni yetu yote, na hatukujua pa kuvipeleka.

Senje alipomfikia Mmbone langoni alisimama.

"Umemzika ndugu yangu kama mtu aliyemuua usiku," alimwambia. "Mvua yako ikinyesha nitaitumia, maana nina wajukuu. Lakini usiniamkie tena."

Kwetu, shangazi akikukataza kumwamkia, umebaki mtu wa nje hata ukiwa ndani. Mmbone aliinamisha kichwa akasema, "Ndiyo, Senje." Sijui kama hata neno hilo aliruhusiwa.

*

Upepo uligeuka wiki iliyofuata.

Siku ya nyundo ndiyo iliyokuwa sikukuu yetu. Watu walikuja na watoto, wakakaa kwenye mikeka kuzunguka kichuguu kikubwa cha shambani kwetu, kile cha kwanza. Kaburi la Baba lilikuwa hatua chache tu upande wa migomba, udongo wake bado mbichi. Mratibu wa Mamlaka, Bi. Nekesa, mwanamke mnene mwenye sauti ya upole, alikuja kwa gari la betri na kuwapa watoto biskuti. Alinipa mkono wa pole. Alisema Mzee alikuwa mtu wa kujitolea. Nikasema ahsante, mama.

Nyundo zikaanza.

Tu, tu, tu. Polepole, halafu haraka. Niliusikia mdundo ule wa bibi zetu ukipanda kupitia nyayo zangu. Mbingu ilikuwa safi. Watu walielekeza macho kwenye matundu ya kichuguu, wakingoja ule moshi wa mbawa.

Walitoka wachache. Ungeweza kuwaweka kwenye kofia. Waliruka, wakayumba, wakapotelea kwenye migomba, na baada yao hakutoka mwingine.

Bi. Nekesa aliagiza nguvu iongezwe. Nyundo zikagonga mpaka biskuti zikacheza kwenye sahani. Simu zake zikaanza kuita: kichuguu cha mtoni, kimya, cha shuleni, kimya, ng'ambo yote, kimya.

Mmbone alilala kifudifudi, akaingiza mpira mwembamba wenye kamera kwenye tundu. Tulisogea nyuma yake kutazama kioo. Tukawaona. Vyumba vilijaa kumbikumbi, wamebanana, wanene, mbawa zimekamilika zinang'aa. Walikuwa wakirambana na kupeana chakula. Nyundo iligonga, kamera ikatikisika, na hakuna hata mmoja aliyeinua kichwa.

"Wamekufa?" aliuliza mtu nyuma.

"Wazima," alisema Mmbone. "Wazima kabisa."

"Basi wanangoja nini?"

"Hawangoji." Alikuwa akinong'ona. "Hawasikii."

Alielewa papo hapo, na nilimwona akielewa, kwa maana uso wake ulizeeka nikiutazama. Alitueleza akiwa bado amelala pale chini, kama anayejieleza mwenyewe. Kila msimu nyundo ziliwaita, na waliosikia ndio waliotoka. Wengi wa waliotoka waliliwa na ndege au walipotea na upepo. Kabla ya faini, waliosikia ubao wetu wa siri walitoka pia, nasi tukawatia chumvi. Lakini katika kila kichuguu kulikuwa na wachache walioumbwa viziwi. Hao hawakuitika mwito wowote. Walibaki ndani, wakatoka kivyao siku waliyotaka, wawili watatu, bila mtu kuwaona, wakajichimbia, wakazaa. Na watoto wao wakawa viziwi kama wao.

Huwa tunawaambia watoto kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kwa mchwa ilikuwa kinyume. Aliyesikia ndiye aliyevunjika.

"Tuliwachagua sisi," alisema Mmbone. "Miaka yote hii. Kila tulipowaita tulikuwa tunawachagua wasioitika."

"Sasa mvua?" aliuliza Bi. Nekesa.

"Watatoka watakapotaka, wachache wachache. Upepo utawapeleka utakakotaka."

Watu walianza kunong'ona kuhusu mbegu walizokwisha weka ardhini. Mimi nilikuwa na swali moja tu. Nilichuchumaa karibu na dada yangu.

"Tangu lini?"

"Mwaka jana walitoka nusu. Tukasema ni ukame. Mwaka juzi pia walipungua, tukasema ni nyundo zimechakaa, tukaleta mpya."

"Kwa hiyo wiki ile. Siku ya Baba."

"Imbwaga, tafadhali."

"Tungepiga?"

Alinitazama. Mmbone hakuwahi kunidanganya tangu utoto, na siku ile natamani angenidanganya.

"Mngepiga mpaka ngozi ipasuke," alisema. "Hakuna ambaye angetoka."

Alijiinua kutoka kifudifudi, akaketi chini kwa kishindo. Kilikuwa kishindo cha mtu mzima, cha kupigiwa faini. Hakuna aliyegeuka.

*

Bi. Nekesa hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na bonde zima mikononi na ofisi inayompigia simu, akashika alichoweza kushika.

"Nyundo zina mdundo mmoja," alisema. "Pengine ni huo tu walioukinai. Kuna mwenye ngoma hapa? Ngoma kubwa?"

Watu wote walinitazama mimi.

"Kuna sheria, mama," nilisema.

"Nitakupa kibali sasa hivi."

Akapiga simu, akasema maneno mawili matatu, akanitikisia kichwa. Kibali kimepatikana. Nilisimama pale nikashindwa kucheka na nikashindwa kumtukana. Kibali kilichomshinda mzee wa watu akiwa kwenye jeneza, mchwa walikipata kwa simu moja.

Ningeweza kukataa, na nilitaka kukataa. Lakini nilijua sitaruhusiwa siku nyingine, nikaenda nyumbani. Nilishusha ile kubwa peke yake. Mama na mtoto niliziacha, kwa kuwa waliojua kuzipiga wamekufa, na vijana hatukuwafunza. Mafuta ya Baba bado yalikuwa yanateleza kwenye ngozi.

Senje alikuwa kizingitini.

"Unaipeleka wapi?"

"Kwa mchwa, Senje. Wamepewa kibali."

 Machozi yalimtoka bila sauti.

"Peleka," alisema mwishowe. "Lakini piga ukimtazama yeye."

Akanifuata. Nilipita mbele ya kichuguu, mbele ya Bi. Nekesa na kioo chake, nikaenda kusimama mahali ambapo ningeweza kuliona kaburi. Mmbone alikuwa bado ameketi chini. Senje alimpita, akarudi hatua moja, akasimama karibu naye. 

Nikapiga.

Mkono wangu ulikuwa umesahau nusu. Pigo la kwanza lilitoka bovu, la pili likapata njia, kisha sauti ya baba ikafunguka juu ya bonde ambalo halikuwa limeisikia kwa miaka, nzito, ikarudi kutoka kilima cha upande wa pili. Nilipiga mdundo wa kumsindikiza mzee. Nilipiga nikilia na sikujali nani ananiona. Niliona bega la Senje likishtuka mara moja, mara mbili. Nikamngoja. Wazee wengine watatu wanne mabega yaliwashtuka vile vile, wakatazamana, wakatazama chini kwenye miguu yao. Miguu haikuinuka. Ilikuwa imeshika ardhi kwa soksi zake kama inayoogopa kuiamsha.

"Hakuna kitu," alisema Bi. Nekesa, macho kwenye kioo. "Hawajatikisika."

Sikumpigia yeye. Niliongeza nguvu. Hapo ndipo niliposikia watoto. Walikuwa wameziba masikio, wengine wamejificha nyuma ya mama zao, na wadogo wanalia kwa hofu kama watu waliovamiwa. Hawakuwahi kusikia kitu kama hicho. Hawakujua kwamba ni chao.

Kageha alitoka kwenye kundi akanijia. Alikuwa anakimbia, lakini hata katika hofu ile alikimbia kwa ncha za vidole, bila mshindo, kama walivyofunzwa. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili akauning'inia.

"Baba, wacha!" alilia. "Wacha, tafadhali! Unaumiza udongo!"

 Nilimtazama Mmbone anisaidie, yeye mwenye kisa cha vijidudu vya kijani, lakini alikuwa amefunika uso, na mkono wa Senje ulikuwa begani kwake.

Basi nikaacha. Niliiweka ngoma ya baba yangu chini, mbele ya kaburi lake. Niliiweka polepole, kwa mikono miwili, ili isije ikagonga.